Hakuna Kilio Kilichosikika

Butembo, 9 Februari 2025

Mwanangu Kahambu,

Salamu kutoka kwangu na kwa mama yako Marcelline. Tuko wazima, isipokuwa goti langu, ambalo lilistaafu siku moja na mimi na halitaki tena kusikia habari ya kazi.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako hailii tangu vita viingie Goma, na hata ikilia, watu wanasema askari kwenye vizuizi wanafungua simu na kusoma yaliyomo. Barua hii anaibeba Chabani, yule dereva jirani yako wa Majengo. Anazunguka kupitia Uganda, kwa hiyo usihesabu siku. Mwanzoni alikataa. Alisema, "Papa, miye nabebaka mizigo, sibebake maneno." Nikamwambia maneno yangu hayana uzito. Akacheka, akaipokea.

Sasa niseme lililonifanya nikae na kalamu. Binti yangu Rosine yuko wapi? Mara ya mwisho tulijua yuko Lac Vert, pembeni ya Goma, katika uwanja wa kanisa letu la Chemchemi, anawafundisha kushona akina mama waliokimbia vita. Tarehe 25 Januari alimpigia mama yake, akasema bunduki zinalia upande wa Sake lakini kanisa limewaambia wabaki hapo hapo. Tangu siku hiyo, kimya. Hapa sokoni kuna wanaosema bomu liliangukia uwanja ule. Wengine wanasema liliangukia majini. Kila mtu ameona, na hakuna aliyekuwepo.

Wewe ndiwe uliye katika ofisi ya habari ya kanisa. Hakuna tangazo linalofika redioni bila kupita mkononi mwako. Rosine ni mdogo wako, mmekula sahani moja hapa nyumbani kwangu. Ukijua lolote niambie, hata neno moja. Mama yake anakaa na simu mapajani kutwa nzima na hali chakula.

Baba yako mdogo,
Julien


Goma, Majengo, 20 Februari 2025

Papa Julien,

Barua yako imenifikia, Chabani aliificha ndani ya gunia la maharagwe. Mimi ni mzima. Umeme unakuja ukitaka wenyewe, maji tunachota ziwani, lakini nyumba imesimama.

Kuhusu Rosine, bado sina habari ya uhakika. Watu wa Lac Vert walitawanyika. Kuna waliovuka mpaka, kuna waliorudi Masisi kwa miguu, na wengine wamejazana kwa ndugu zao Ndosho. Simu yake haipatikani. Nimeuliza ofisini. Mkuu wangu, Pasta Luc, anasema tusitoe jina la mtu yeyote mpaka Mwakilishi, Muzee wetu wa kanisa lote, aone orodha.

Ninakuomba kitu kimoja tu, usitoke Butembo. Barabara si ya mtu wa umri wako. Nikipata neno nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Nisamehe kwa ufupi. Ninaandika nikiwa kazini.

Kahambu


Butembo, 4 Machi 2025

Kahambu!

Mungu akusamehe kwa kutunyima furaha hii wiki mbili nzima.

Jumapili pasta wetu alipanda mimbarini na karatasi yenye kichwa cha bluu na muhuri wa Mwakilishi. Akasoma kwa Kifaransa, kisha akatutafsiria kwa Kiswahili: "Watu waliokuwa katika uwanja wetu wa Lac Vert waliondolewa wote kwa utulivu, wakapelekwa mahali salama. Hakuna kilio kilichosikika katika uwanja wetu." Mama yako Marcelline akasimama katikati ya watu, yeye ambaye hata kuomba kwa sauti anaona aibu, akasema, "Pasta, rudilia." Pasta akarudia. Kanisa zima likapiga makofi. Jioni ile alikula bugali na sombe, akaomba kuongezewa. Nilimtazama akila nikajiona kijana.

Nimefundisha miaka thelathini na minne, najua sentensi nzuri nikiisikia. Aliyeandika ile ana mkono. Hakuchezea maneno makubwa, aliiweka sentensi ndogo mwishoni ikatulia pale. Nikajisemea, huyu ni mwanafunzi wangu, huyu ni Kahambu. Au nimekosea?

Sasa nijibu upesi. Hapo mahali salama ni wapi? Karatasi haikutaja. Pasta wetu naye hajui. Niambie jina la mahali tu, mengine niachie mimi. Nitakuja kumchukua mwenyewe.

Na acha kuniambia habari ya umri wangu.

Papa yako,
Julien


Goma, 15 Machi 2025

Papa Julien,

Tafuta mahali pa kukaa kabla hujaendelea. Kama Mama Marcelline yuko karibu, toka nje.

Rosine amekufa. Alikufa Jumapili tarehe 26 Januari, saa nne asubuhi, katika darasa la uwanja wa kanisa, walipokuwa wanangoja ibada ianze. Bomu lilipita kwenye bati. Walikufa watu kumi na mmoja. Lilitoka upande gani sijui, na hapa hakuna anayetaka kulisema hilo kwa sauti.

Nilijua tangu siku ya nne. Barua yangu ya kwanza ilikuwa uongo.

Mlinzi wa uwanja, Bulonza, na wanaume wachache waliwazika nyuma ya madarasa. Unajua udongo wetu, ukichimba kidogo unagonga lava. Walichimba siku mbili. Majina aliyaandika kwa mkaa juu ya mbao za madawati yaliyovunjika, na kila mvua ikinyesha anayaandika upya. Nilikwenda. Nimeliona jina lake. Nilimwomba Bulonza huo mkaa, nikaliandika mimi mwenyewe mara moja.

Sasa nikuambie ya ofisi, kwa sababu sitaki uyasikie kwa mtu mwingine.

Tarehe 24 Januari Mwakilishi alituambia amepewa neno na pande zote mbili kwamba uwanja wetu hautaguswa. Pasta Luc akaniandikisha tangazo, nami nikalisoma redioni kwa sauti yangu: bakieni katika uwanja wa kanisa, msitoke, msifuate umati. Baada ya bomu, wafadhili wa ng'ambo waliandika kuuliza. Pasta Luc aliniita. Tukianza kutaja maiti, alisema, wataulizia nani aliwaambia wabaki. Na hawa walioshika mji watauliza sisi tunasema bomu ni la nani. Kila jibu lina bunduki nyuma yake. Niliandika, "Watu wengi waliondolewa." Akakata neno "wengi" kwa kalamu nyekundu. Akasema, "Weka 'wote'. Ukiweka 'wengi', watauliza wengine wako wapi."

Nikaweka "wote". Kwetu karatasi ya bluu huenda kwa wafadhili, nyeupe ndiyo ya parokia. Nilidhani itasomwa na Wazungu wawili, itiwe kwenye faili, iishe. Pasta Luc aliipenda. Akaituma kwa parokia zote ili iwafariji watu.

Hukukosea, Papa. Ile sentensi uliyoisifu ni yangu. Nilipoiandika nilifurahi jinsi ilivyokaa. Nilikuwa nimeshaliona kaburi, na bado nilifurahi.

Kuna jambo moja bado, na ndilo baya kuliko yote. Jumamosi jioni Rosine alinipigia simu. Akasema, "Yaya," kama alivyoniita tangu utotoni mimi mkubwa wake, "nikuye kwako Majengo ao nibakie huku?" Pikipiki zilikuwa bado zinatembea. Angefika kwa nusu saa. Nikamjibu, "Haukusikia radio? Bakia pale." Akacheka, akasema, "Kama ni weye ulisomaka, nabakia."

Sijui kumalizia barua hii.

Kahambu


Butembo, 29 Machi 2025

Kahambu,

Nilitoka nje kama ulivyosema. Nimeisomea nyuma ya choo, mahali asipokaa mtu.

Usingoje nikusamehe katika barua hii. Nimejaribu kuandika neno hilo nikapasua karatasi mbili.

Nilikaa na habari yako siku tatu, ndipo nikamwambia Marcelline. Hakulia. Alikuwa anachambua mchele. Akaniuliza, "Karatasi ya kanisa iko na muhuri. Ya Kahambu iko nayo?" Nikasema hapana. "Basi," akasema, akaendelea na mchele wake.

Nikaenda kwa pasta. Desturi ya kanisa letu unaijua. Mtu akifia mbali, parokia ya huko inaandika barua ya kifo, inapigwa muhuri, jina linasomwa Jumapili, na hapo ndipo matanga yanaanza. Bila barua hiyo hakuna atakayeleta mkeka nyumbani kwangu. Hakuna wimbo, hakuna ibada ya kuaga. Nilimweleza yote. Akanipeleka kwenye ubao wa matangazo, akanionyesha ile ya bluu, bado imebandikwa. Akasema, "Muzee, sasa miye niamini gani? Kanisa inasema bote bako salama. Nikisoma kifo, nasema Mwakilishi ni mwongo." Si mtu mkorofi. Alinishika mkono mpaka barabarani.

Nataka kumlilia mtoto wangu pamoja na watu, Kahambu. Sasa hivi nalia kwa kujificha kama mtu aliyeiba. Nikirudi ndani nanawa uso kwanza, ndipo namkuta mama yake anaimba jikoni.

Kwa hiyo sikuombi pole, wala usiniandikie tena jinsi ulivyojuta. Nataka barua ya kifo ya Rosine, yenye kichwa cha kanisa na yenye muhuri. Kuandika unajua. Mwandikie na yeye.

Julien


Goma, 12 Aprili 2025

Papa,

Barua ya kifo imo ndani ya bahasha hii. Soma kwanza ilivyopatikana.

Nilianza kwa kuomba. Nilimwambia Pasta Luc, "Pasta, huyu ni mutoto ya nyumba yetu." Akasema ananielewa, lakini akitoa moja, kesho watu kumi watasimama mlangoni. Nikamwambia, "Hao kumi bako, Pasta. Balizikwa naye." Akaziba uso kwa mikono miwili. Pasta Luc si mtu mbaya, nataka ujue hilo. Alilia mbele yangu. Kisha akapangusa macho na akasema hapana.

Jumatano alikwenda kuombea wagonjwa. Muhuri hukaa kwenye mtoto wa meza, na ufunguo wa meza uko chini ya Biblia ya Kifaransa ambayo haifunguliwi. Nilitumia karatasi nyeupe, ile ya parokia. Nimeandika jina lake lote, siku, saa, mahali, na sababu: bomu. Nimesaini kwa jina langu mwenyewe. Hakuna hata sentensi moja nzuri ndani yake.

Nilikuwa na muda wa kuandika kumi na moja. Majina yote ninayo, na muhuri ulikuwa mkononi. Niliandika moja nikafunga meza. Niliogopa, na pia nilikuwa namfikiria wa kwetu tu. Hao kumi nao wana mama zao mahali fulani, wanasubiri watu wao warudi kutoka mahali salama.

Nilimwambia Chabani ndani ya bahasha kuna kitu gani. Safari hii hakufanya mzaha. Aliitia ndani ya shati lake.

Kahambu


KANISA LA CHEMCHEMI
Ofisi ya Habari, Goma
Goma, 29 Aprili 2025

Kwa parokia zote. Isomwe mbele ya waamini.

Wapendwa katika Bwana,

Parokia moja ya Butembo imetuuliza kuhusu barua inayotaja kifo cha muumini katika uwanja wetu wa Lac Vert. Tunawajulisha kwa upendo kwamba barua hiyo haikutoka kwa Mwakilishi na haina nguvu yoyote. Aliyeisaini hafanyi kazi tena katika ofisi hii.

Tangazo letu la mwezi wa pili linabaki kama lilivyo. Watu wetu waliondolewa wote kwa utulivu.

Pale ambapo barua hiyo imekwisha kusomwa, wachungaji wanaombwa kuisahihisha bila kuchelewa, ili familia zisiendelee kuumia bure. Tunawakumbuka katika maombi wote waliofadhaishwa.

Wenu katika huduma,
Pasta Luc


Butembo, 6 Mei 2025

Mwanangu Kahambu,

Bahasha yako ilifika Ijumaa, tarehe 25. Pasta aliushika ule muhuri, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akasema sawa. Jumapili jina la Rosine likasomwa.

Nitakueleza ilivyokuwa, kwa sababu ni haki yako kujua barua yako ilifanya nini. Kabla sijafika nyumbani mikeka ilikuwa imetandikwa uani. Wanawake wa kwaya walikuja na masufuria yao. Marcelline aliisoma barua mwenyewe, kidole chini ya kila neno, akafika kwenye muhuri, akakaa chini kwenye vumbi. Ndipo akalia. Alilia mpaka sauti ikakauka, na majirani wakalia naye, nami nikalia mbele ya watu bila kunawa uso. Walimnyoa nywele Jumatatu. Usiku huo alilala, kwa mara ya kwanza tangu Januari. Nilikuwa nimekaa kando yake, na nikawaza, sasa naweza kumwandikia Kahambu lile neno.

Ibada ya kuaga ilikuwa Jumatano. Tuliweka picha ya Rosine juu ya meza, ile ya siku alipopata diploma ya ushonaji. Pasta alikuwa katikati ya maombi, mzee wa kanisa akamjia na simu. Akaisoma kimya. Akanitazama. Niliona hataki. Lakini imeandikwa isomwe mbele ya waamini, na yeye ni mtu wa kutii, basi akaisoma amesimama kando ya picha, kuanzia salamu mpaka jina la Pasta Luc.

Watu hawakujua wafanye nini. Wakaanza kunyanyuka mmoja mmoja. Wengine walinipa mkono wa pole na wengine wa pongezi, na mimi nilishindwa kujua upi ni upi. Walikunja mikeka.

Marcelline alisimama na kichwa chake kilichonyolewa, akapiga vigelegele.

Alipiga mara tatu. Akanigeukia, akasema, "Julien, unaona? Nilikuambiaka. Ule mutoto alisema bongo, alitudanganyaka, na kanisa imemufukuza." Kwake wewe ndiye uliyetaka kumzika mtoto wake akiwa hai. Nimemwambia habari ya kaburi, ya Bulonza na mbao zake. Ananiuliza kwa nini ninamtakia Rosine kifo. Tumeishi pamoja miaka thelathini na moja na hajawahi kunitazama vile.

Najua umepoteza kazi kwa sababu ya karatasi pekee iliyosema kweli. Lile neno unalolingoja kwangu bado halijaja. Lakini ninakuita mwanangu tena, na leo hicho ndicho nilicho nacho.

Sikiliza sasa. Anakuja Goma. Amekwisha amua, na nikikataa atakuja peke yake. Karatasi za mpaka tumepata, Chabani amekubali kutubeba, tunatoka Jumatatu. Tutafikia kwako Majengo kwa sababu hatuna mtu mwingine. Hataki kukuona, lakini anasema wewe ulikuwa ndani ya ofisi, kwa hiyo unajua walikopelekwa watu wa Lac Vert, na utamwambia kwa nguvu au kwa hiari.

Usibishane naye, wala usimwandikie chochote. Mpeleke pale nyuma ya madarasa. Mimi nitakuwa nyuma yenu, lakini kusema sitaweza. Nimesema mara mbili, na mara mbili karatasi imenishinda.

Amefunga mzigo tangu jana. Ameweka vitenge viwili, sabuni, na viatu vipya alivyonunua sokoni. Rosine huvaa namba thelathini na nane. Amechukua thelathini na tisa, kwa sababu anasema baada ya kutembea siku zote hizo miguu ya mtoto lazima imevimba.

Papa yako,
Julien